Mtani wa Serikali

Mjomba wangu Isihaka Mdoe alikuwa fundi cherehani, kisha akawa serikali, kisha akawa fundi cherehani tena. Ukitaka maisha yake kwa ufupi ndiyo hayo, na wapo watu hapa Manundu, Korogwe, wanaoridhika na ufupi huo. Walimwita Serikali mpaka anaingia kaburini. "Serikali, suruali yangu tayari?" "Serikali, nipunguzie kiuno." Naye aliitika. Mimi nilikuwa nachukia, yeye ananiambia niache, jina ni jina tu. Lakini nimekulia nyumbani kwake, nilimjua anapoitika kwa moyo na anapoitika kwa kuchoka.

Kwetu Uzigua mjomba ana sauti juu ya mtoto wa dada yake kuliko hata baba. Mama yangu alipofariki kule Kabuku, yeye ndiye aliyekuja kunichukua. Alinipakia kwenye baiskeli mpaka panaposimama basi, na njia nzima alinisimulia vituko ili nisilie. Nililia hivyo hivyo, lakini nilicheka pia, na tangu siku hiyo nilijua huyu ni mtu wa namna gani. Alikuwa hawezi kuona uso umenuna akauacha.

Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja karibu na soko. Alishona kaptula na suruali za wakata mkonge. Mkonge hauna huruma na nguo, ncha yake inatoboa hata turubai sembuse khaki, kwa hiyo kazi hakukosa. Wala hakukosa wasikilizaji, maana mtu anayengoja suruali yake itiwe kiraka, amejifunga shuka kiunoni, hana pa kwenda.

Hapo barazani ndipo alipojuana na Shida. Shida alikuwa Mnyamwezi, alikuja shambani kama manamba, na mkataba wake ulipokwisha hakurudi Tabora. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, hawangoji kujulishana. Mjomba aliiinua ile suruali iliyochanika makalioni, akaionyesha baraza nzima. "Tazameni! Mtumwa wangu kaambiwa akate mkonge, yeye kaukalia!" Shida akainuka. Alimvua Mjomba kofia kichwani, akaivaa, akaondoka nayo huku shuka likimpepea miguuni. Kofia haikurudi, na urafiki ukaanzia hapo.

Tangu hapo Shida alikuwa haingii kwetu kwa hodi. Alipitiliza jikoni, akafunua chungu, akaonja, akasema Wazigua hawajui kupika na ndiyo maana Mungu amewapa watani wa kuwasaidia kumaliza chakula. Bibi Mwaija, mama yake Mjomba, alimwita "mwizi wangu" na alimwekea kipande chake. Hata alipohamia upande wa Kabuku kulima, yeye na mkewe Mama Kulwa, kwenye bonde moja ng'ambo ya mto, haukupita msimu bila kuja na kunde zake na matusi yake. Walitukanana mpaka wageni wasiojua walitaka kuwaamulia.

Mdomo ndio uliompandisha Mjomba. TANU ilipofika kwetu waliosoma walikuwa wachache na waliokuwa wanaogopa kazi zao zisipotee walikuwa wengi, basi mikutanoni wakasimama watu kama yeye. Wenzake walianza na maneno mazito, wasikilizaji wakaanza kusinzia, ndipo akaitwa Isihaka. Aliwafanya wacheke kwanza, halafu akiwa ameshawapata aliwaambia la kuambiwa. Uhuru ulipokaribia alishona bendera mpaka kitambaa cheusi kikamwishia. Tatu za mwisho akazitia buluu ya giza mahali pa nyeusi, akawaapia viongozi kwamba bendera inapandishwa usiku wa manane na hapana atakayeona tofauti. Asubuhi waliona wote. Walicheka, bendera zikabaki zinapepea.

Baadaye alisimama udiwani Kabuku, kwenye ukoo wake, akapata, akapata tena. Sitasema alikuwa diwani wa ajabu. Alipigania daraja la miti, likajengwa. Alipigania zahanati, haikujengwa. Siku za kikao alipanda basi kwenda Handeni na kanzu yake iliyopigwa pasi, akirudi anaketi kwenye cherehani kama kawaida, na watu wanamtania kwamba posho ya vikao imemnenepesha tumbo.

Mwishoni mwa mwaka sabini na moja mwenyekiti wa halmashauri alifariki. Madiwani waligawanyika makundi mawili, na kila kundi lilikuwa na mtu wake ambaye kundi lingine lilimwogopa. Wakavutana mpaka wakachoka. Mtu mmoja tu hakuogopwa na yeyote. Ndivyo Mjomba alivyokuwa mwenyekiti. Kama hilo halitoshi, Mkuu wa Wilaya alikuwa amehamishwa na mpya hajafika, katibu wake amelazwa hospitali, basi ikaja simu kutoka juu kwamba mwenyekiti ashikilie wilaya kwa muda. Mjomba wangu, fundi wa suruali, akawa ndiye serikali ya wilaya. Mkewe Mwanaidi alibaki Manundu kumwangalia Bibi, mimi nikaenda Handeni kumpikia.

Hakuvimba kichwa. Watu husema hivyo kama sifa, na mimi nilisema hivyo zamani. Siku hizi naona lile ndilo lililomponza. Angevimba kichwa kama wenzake, akavaa uso wa kazi na kunyamaza, nyumba ya Shida isingeungua. Yeye alikwenda kuongoza wilaya kwa mdomo ule ule wa barazani.

Wakati huo ilikuwa habari ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu wa mabondeni watoke walikotawanyika, wakae pamoja kando ya barabara, wapate maji na shule. Wengine walihama kwa hiari, wengine walijifanya hawajasikia. Mjomba alizunguka kuhimiza. Kabuku tulifika siku ya soko, uwanja umejaa, sisi wanawake wa UWT tupo pembeni na masufuria ya wali wa wageni. Kamanda wa mgambo alikuwa Habakuki, Msambaa wa milimani huko Lushoto aliyewahi kuwa askari, mtu wa mikono nyuma na buti zilizong'arishwa. Alisimama nyuma ya kiti cha Mjomba.

Mjomba alihutubia vizuri. Alipomaliza akauliza kama kuna swali, na Shida akasimama katikati ya watu, kofia ile ile kichwani.

"Mheshimiwa sana," akasema, "na mimi mtumwa wako nihame, au watumwa tunabaki?"

Uwanja mzima ukacheka. Mjomba akainuka, uso wake umefunguka kama yuko barazani kwake.

"Wewe ndiye wa kwanza! Mawingu ya masika yakikukuta bado uko kule bondeni, nawatuma vijana wangu wakichome hicho kibanda chako. Nataka nione kama Mnyamwezi anaungua!"

"Njoo na kiberiti chako!" Shida akajibu. "Najua Wazigua mnaazima hata moto!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nilicheka, mwiko mkononi. Nilimwona Habakuki vilevile. Hakucheka, lakini yeye hakuwa mtu wa kucheka, kwa hiyo sikuona ajabu.

Shida hakuwa mkaidi, hilo lijulikane. Alikwisha simamisha miti ya nyumba mpya pale kijijini kando ya barabara, alikuwa anangoja nyasi za kuezekea na anamalizia kupukuchua mahindi yake. Baada ya sikukuu alikuwa ahame. Kila mtu Kabuku alijua.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mashariki. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea Mjomba chai ofisini, ndipo Habakuki alipoingia, akapiga saluti.

"Ndugu Mwenyekiti, agizo limetekelezwa."

"Agizo gani?" Mjomba akauliza, anakoroga sukari.

"La yule Mnyamwezi wa bondeni. Vijana wamechoma asubuhi. Hakuna aliyekufa."

Mjomba alimwangalia. Alikuwa anangoja Habakuki acheke. Alipoona hacheki, akaweka kijiko chini.

"Nani kakwambia uchome?"

"Wewe, Ndugu Mwenyekiti. Mkutanoni Kabuku, mbele ya watu wote."

"Ulikuwa utani! Yule ni mtani wangu! Wewe si mtu wa huku huku? Hujui utani?"

"Utani naujua," Habakuki akasema. Namwonea huruma mpaka leo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Ungeyasema barazani kwako ningecheka. Lakini ulikuwa umesimama chini ya bendera, Ndugu Mwenyekiti. Sisi tutajuaje saa hii unatania na saa hii unatawala?"

Mjomba akainuka, akaita dereva.

Tulikwenda Kabuku mchana ule ule kwa Landrova ya wilaya. Kule bondeni nyumba nyingine zote zilikuwa zimesimama, hata za wale waliokataa katakata kuhama. Iliyoungua ilikuwa moja. Ghala la mahindi lilikuwa bado linafuka moshi, na harufu yake ilikuwa ya mahindi ya kuchoma, harufu nzuri. Mama Kulwa alikuwa amekaa chini, mikono yake miwili imefungwa khanga iliyoloweshwa maji. Moto ukiwaka aliingia ndani kutoa debe la mbegu. Alilitoa, lakini vidole vyake havikunyooka tena. Mwiko alikuja kuushika kwa viganja.

Shida alikuwa amesimama pembeni. Alipoona gari, alivua kofia. Mjomba akashuka mbio, mikono mbele, akitaka kumkumbatia.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Shida akasema.

Asiyejua utani ataona ni adabu. Mtani haamkiwi shikamoo. Mtani hutukanwa ndipo aulizwe habari za nyumbani. Na hawa wawili walikuwa marika. Isitoshe wakati ule tulikwisha ambiwa wote ni ndugu, neno mheshimiwa lilikuwa limebaki la mzaha, lakini siku ile Shida hakulisema kwa mzaha. Mjomba alisimama palepale na mikono yake hewani.

Alieleza yote. Aliapa kwa jina la Mungu. Alisema nyumba itajengwa kwa gharama yake, mahindi yatarudishwa, Mama Kulwa atapelekwa hospitali na gari hilo hilo. Shida alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nyumba nitajenga mwenyewe, nilikuwa najenga," akasema. "Mke wangu mpeleke, nitashukuru. Lakini mimi nataka kitu kimoja. Watu wote wa Kabuku wamesikia kwamba serikali ilitaka Shida achomewe, kwa hiyo Shida lazima ana kosa. Leo asubuhi jirani yangu kanipitia hakunisalimu. Simama pale pale uliposemea, mbele ya watu wale wale, sema ulikuwa utani. Ukisema, mimi na wewe ni kama zamani, nitakutukana palepale mpaka ukimbie."

"Nitasema," Mjomba akajibu. "Siku ya soko ijayo."

Angesema. Naamini hivyo, na nimechoka kuamini hivyo. Tuliporudi Handeni alikuwa hali chakula, anatunga maneno, anayarudia mbele yangu, nami nilimwambia yamekaa vizuri. Lakini jioni moja alikuja diwani mmoja mzee, Mbaruku, mtu mpole mwenye sauti ya chini, wakakaa kibarazani.

"Isihaka," Mbaruku akamwambia, "mimi ni rafiki yako. Ukisimama ukasema lile la Shida ulikuwa utani, kesho watu watauliza na la kuhama lilikuwa utani? Na la kodi? Na la shule? Tumefikia pazuri, nusu ya watu wamekwisha hama. Ngoja wamalizike. Watu wakishakaa vijijini, nenda kaseme."

"Nimemuahidi mtu."

"Uliahidi wewe Isihaka. Sasa hivi wewe si Isihaka."

Nilikuwa jikoni, nikasikia, na nikangoja Mjomba amfukuze kwa kicheko kama alivyowafukuza wengi. Badala yake akaniita nilete kahawa. Siku ya soko ilipofika hakwenda, akasema ana kikao. Iliyofuata barabara imeharibika. Kila alipopata udhuru alinitazama kama anataka nimpe ruhusa, nami nilikuwa namgeuzia mgongo nasugua sufuria.

Mama Kulwa alitibiwa. Mahindi Mjomba aliyapeleka kwa gari, magunia zaidi ya yale yaliyoungua, na Shida akayapokea, akasema asante Mheshimiwa. Mkuu wa Wilaya mpya akafika, Mjomba akarudi kwenye uenyekiti wake mtupu. Halafu katikati ya mwaka halmashauri zenyewe zikavunjwa nchi nzima, madiwani wakaambiwa warudi makwao, mambo yataendeshwa na maofisa. Hakuna aliyemfukuza Mjomba, wala hakuna aliyemuaga. Tulipanda basi na magodoro yetu. Kuanzia vuli hadi masika hayajakauka vizuri, ndio utawala wote huo.

Njiani kabla ya kufika Segera alionekana kama amepata nafuu. "Sasa mimi si kitu," aliniambia. "Sasa Shida atanitania." Nikamuuliza, na ile ahadi? Akasema, "Mwantumu, nani ataniitia mkutano mimi leo?" Ilikuwa kweli, na ilikuwa hoja ya mtu anayefurahi kwamba ni kweli. Nilimkasirikia mpaka tukafika Korogwe.

Alirudi kwenye cherehani. Mkonge nao ulikuwa umeanza kushuka bei, mashamba yanapunguza watu, suruali za kutia viraka zikawa chache. Jina la Serikali likamkuta hapo barazani. Sijui nani alilianzisha. Vituko vilipungua. Alikuwa anaanza kisa, anafika katikati, anasita, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Nadhani alikuwa anajiuliza nani yuko nyuma yake anasikiliza.

Shida aliendelea kuja Korogwe mara mojamoja, na akija alipita nyumbani, maana Bibi Mwaija alikuwa anaumwa na Shida alimpenda. Sasa alibisha hodi. Alisimama mlangoni mpaka akaribishwe, akakaa kwenye kiti cha wageni, akala alichowekewa. "Shikamoo, Mheshimiwa." "Marahaba," Mjomba anajibu kwa sauti ya mgonjwa, kwa sababu asipojibu itakuwa vibaya zaidi. Bibi alikuwa anauliza kitandani, "Mbona mwizi wangu haibi?"

Mara moja Mjomba alijaribu kwa nguvu. Alikwenda Kabuku, akaingia nyumba mpya ya Shida bila hodi, akafunua chungu cha Mama Kulwa, akatoa matusi yote ya zamani, akanyakua kofia ya Shida ukutani, ile ile iliyokuwa yake, akaivaa. Akasimama mlangoni nayo anangoja. Shida aliinua macho kutoka kwenye jembe alilokuwa analitia mpini.

"Chukua tu, Mheshimiwa," akasema taratibu. "Nyinyi mkichukua, sisi tutasema nini?"

Mjomba aliirudisha ukutani. Alinisimulia mwenyewe, na alipofika hapo alilia. Nilimwambia yale niliyomwambia mara nyingi: mtu amekudai maneno, wewe unampelekea mahindi na kofia. Nenda sokoni siku ya soko, huhitaji kuitiwa mkutano, panda juu ya sanduku useme. Akasema atakwenda. Akasema watu wa Kabuku watamwona kichaa. Akasema yamepita, nani anakumbuka. Akasema atakwenda, na nikaona kwamba atalisema hilo mpaka mmoja wao afe.

Aliyekufa kwanza alikuwa Bibi Mwaija. Watu walikuja kutoka Handeni, kutoka Kwamndolwa, na kutoka Kabuku walikuja lori zima, kwa sababu Bibi alikuwa wa ukoo wa kule na amewazalisha mama zao. Uwanja wetu ulijaa hadi barabarani. Nilimwona Mbaruku, amezeeka. Nilimwona Habakuki amevaa kiraia, amesimama mbali. Shida na Mama Kulwa walikuja na lori lile lile.

Kwetu jeneza halitoki mlangoni hivi hivi. Mtani hujilaza kizingitini, akasema marehemu ni mtumwa wake, hatoki mpaka alipwe jogoo, na huwataja wafiwa kwa aibu zao moja moja, watu wanacheka na machozi yanawatoka, na moyo unapata pa kupumulia. Watani walikuwapo wengi siku ile, lakini hakuna aliyejitokeza. Kila mtu alijua kizingiti kile ni cha Shida. Wanaume walifika na jeneza mlangoni, Mjomba akiwa mbele ameshika upande wa kulia, wakasimama. Mjomba alimtazama Shida, na uso wake ulikuwa unaomba wazi wazi, mtu mzima mbele ya watu wote.

Shida alikuwa karibu na mlango, mimi nipo nyuma yake na wanawake wenzangu. Alivua kofia, akarudi nyuma hatua kidogo, akawageukia watu.

"Pisheni," akasema kwa sauti kubwa. "Pisheni, Serikali ipite."

Kicheko kiliripuka uwanja mzima. Watu walipigana mabega. Serikali! Kamtania! Hata Habakuki nilimwona anatabasamu. Mjomba alitupa kichwa nyuma akacheka, sauti yake ile ya zamani ambayo sijaisikia tangu Handeni, anacheka na kulia na jeneza la mama yake begani, wakatoka kwa mwendo wa watu waliopata nguvu.

Mimi nilikuwa naona uso wa Shida kwa upande. Hakuwa anacheka. Alisimama wima, kofia kifuani, akaangalia chini mpaka jeneza na Mjomba vikapita.

Waliporudi makaburini nilimpelekea Shida maji ya kunawa. Nikamuuliza, kwa sababu nilitaka sana niwe nimekosea, "Baba Kulwa, leo umemtania Mjomba?"

"Mimi?" akasema. Alinawa mikono yake yote miwili, kisha akachota maji akamnawisha mkewe, kidole kimoja kimoja. "Hapana, mwanangu. Nilikuwa napisha."

Nikaingia ndani. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Bibi, macho mekundu, uso umemkunjuka kama wa kijana.

"Umesikia?" akaniambia. "Umesikia alivyosema?"

"Mjomba," nikamwambia, "watu wa Kabuku wote wako hapo nje, lori halijaondoka. Hutapata tena watu wale wale mahali pamoja. Toka useme sasa hivi. Mimi nitasimama na wewe."

Alinitazama kama nimeleta habari ya mwaka mwingine.

"Niseme nini tena, Mwantumu?" akasema, na alikuwa na furaha. "Si ameshanitania?"